Kusafisha bunduki kwa benzini

Mwindaji arudipo jioni na kanga wake wawili, kazi imebaki moja: kusafisha bunduki. Baba mwenye nyumba huketi jikoni karibu na moto, huagiza chupa ya benzini, na mtoto humshikia taa apate kuona ndani ya mtutu. Wasomaji wapenzi, bunduki hiyo yaweza kuwa tupu kabisa, nayo hatari imo chupani.

Benzini haingoji kuguswa na moto. Yatoa mvuke usioonekana, mzito kuliko hewa. Mvuke huo hushuka, hutambaa sakafuni kama maji, hata ukafika mekoni, mbali na pale ilipo chupa. Ukiwaka, moto hurudi kwa njia ileile mpaka mikononi mwa mwenye kazi. Mafuta ya taa ni mapole zaidi: kwa kawaida mvuke wake hauwaki yasipopata joto la digrii 38 au zaidi. Benzini huweza kuwaka hata katika digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo theluji ya Ruwenzori haiifikii.

Tena, kwa gobori ni kazi bure. Masizi ya baruti nyeusi yana chumvi, nayo huyeyuka katika maji, si katika benzini. Wazee waliotumia maji ya moto na sabuni walijua walifanyalo. Kwanza ondoa fataki, ukatie mdeki hadi chini, upime kama shehena ya jana haimo bado. Kisha osha, kausha vizuri, paka mafuta kidogo.

Bunduki ya kisasa ifunguliwe, itazamwe kwa macho na kuguswa kwa kidole; risasi ziwekwe chumba kingine. Mafuta ya taa kidogo tu yatosha, mchana, nje ya nyumba, pasipo sigara. Kitambaa kilicholowa kianikwe nje, wala kisitupwe pembeni mwa jiko.

Liko jambo liniudhilo kuliko yote: kutia benzini katika chupa ya limonadi. Mtoto akiinywa, mama asimtapishe, maana akitapika yaweza kuingia mapafuni, na huko ndiko iuako. Apelekwe dispensari mara moja, na chupa yenyewe ichukuliwe, mganga apate kuiona.