Kipindupindu: Ugonjwa wa Maji na Neno Tunalolikwepa

Katika zahanati moja ambayo sitaitaja palikuwa na tangazo lililobandikwa ukutani, juu ya benchi walipoketi wagonjwa. Lilisema kwamba kipindupindu husababishwa na uchafu, na kwamba kila mwananchi anahimizwa kudumisha usafi na kunywa maji safi. Kisarufi halikuwa na kosa hata moja. Hata hivyo, mtu aliyelisoma na kulitii kikamilifu, akafagia ua wake, akachoma takataka na kuteka maji maangavu kisimani, bado angeweza kufa kwa kipindupindu. Makala haya yananuia kueleza namna ugonjwa huu unavyoenea na unavyoua, na papo hapo kuonyesha jinsi baadhi ya maneno tunayoyatumia kuuelezea yanavyoificha njia yake.

Tuanze na jina lenyewe. Kipindupindu ni nomino ya ngeli ya KI-VI, ngeli ambayo imeyahifadhi majina ya maradhi mengi: kifafa, kichocho, kisonono, kifaduro, kisukari. Mzizi wake tunaukuta katika vitenzi pinda na pindua, nao umerudufishwa. Mtu wa pwani asemapo kwamba chombo kimepinduka, anataja jahazi lililogeuka chini juu. Urudufishaji nao unaleta wazo la tendo linalojirudia pasi na kukoma. Aliyelibuni jina hili bila shaka alikuwa amemtazama mgonjwa kwa makini. Tumbo limegeuzwa, kilichomo kinatoka juu na chini, misuli ya miguu inajikunja na kukakamaa. Kamusi zina pia neno waba, lenye asili ya Kiarabu, na Waswahili wa Kongo husema kolera. Kwa maoni yangu, hakuna kati ya hayo mawili linalokaribia kipindupindu kwa usahihi wa taswira. Lakini ikumbukwe kwamba hili ni jina la kinachoonekana mwilini. Halisemi lolote kuhusu ugonjwa ulikotoka.

Wenyeji wa pwani walikuwa na fursa nyingi za kuutazama. Mlipuko ulioanzia Bengal mnamo mwaka wa 1817 ulipita Omani na kufika pwani ya Afrika Mashariki kufikia 1821. Ugonjwa ulirudi katika miaka ya 1830, ukarudi tena mwaka wa 1858 na 1859, na mara nyingine mwaka wa 1869 na 1870. James Christie, daktari aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu kizima huko London mwaka wa 1876 kuhusu milipuko hiyo. Alionyesha kwamba ule wa 1869 haukuletwa na majahazi kama ilivyodhaniwa kuwa desturi yake, bali ulishuka kwa nchi kavu kutoka kaskazini, ukapita katika nchi ya Wamaasai hadi Pangani, ndipo ukavuka hadi Unguja. Yaani ugonjwa uliandamana na wasafiri na misafara, si na pepo za msimu.

Hoja hiyo haikuwa ndogo, kwa maana wataalamu wengi wa zama hizo waliamini kwamba kipindupindu huenezwa na hewa mbovu inayopanda kutoka mahali penye uvundo. Aliyeipinga imani hiyo kwa ushahidi mzito alikuwa John Snow, daktari wa London. Mwaka wa 1854 zaidi ya watu 600 walikufa katika eneo la Soho, wengi wao katika muda wa siku chache. Snow aliuliza nyumba kwa nyumba wafu walikuwa wakinywa maji ya wapi, naye akaona kwamba wengi walitumia pampu moja ya mtaa wa Broad Street. Wafanyakazi wa kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu walisalimika. Wao walikunywa bia na maji ya kisima chao wenyewe. Kwa upande mwingine, mjane mmoja aliyekuwa akiishi mbali, kule Hampstead, alikufa. Alikuwa akiletewa maji ya pampu hiyo kila siku kwa sababu aliyapenda kuliko ya mahali pengine. Baadaye iligunduliwa kwamba shimo la maji taka la nyumba iliyokuwa jirani na kisima lilikuwa likivuja, na kwamba nguo za mtoto mchanga aliyekuwa akiharisha zilikuwa zimefuliwa na maji yake kumwagwa humo.

Tumfikirie mjane huyo kidogo. Maji yaliyomuua hayakumchukiza kwa rangi wala kwa ladha. Hapa ndipo inapojitokeza tofauti ambayo wanafunzi wa Kiswahili tunapaswa kuishika barabara. Katika matangazo tumezoea kusikia maji safi na salama, na baadhi yetu huuchukulia msemo huo kuwa uradidi tu, maneno mawili yenye maana moja yaliyounganishwa kwa ajili ya mapigo. Sivyo. Usafi wa maji huhukumiwa kwa jicho na pua. Usalama wake hauonekani. Maji ya mvua yaliyochanganyika na tope huenda yakawa hayana kipindupindu, na maji maangavu ya kisima kilicho karibu na choo cha shimo yakawa nacho. Tangazo la zahanati ile lilikuwa limeliacha neno salama, pengine kwa kukosa nafasi.

Kinachoufanya ugonjwa ni bakteria aitwaye Vibrio cholerae, mwenye umbo lililopinda kama alama ya mkato. Filippo Pacini alimwona kwa hadubini huko Florence mwaka uleule wa 1854, lakini hakusikilizwa. Robert Koch alimthibitisha akiwa Misri na India katika mwaka wa 1883 na 1884. Bakteria hawa wakimezwa kwa wingi, baadhi yao huponea asidi ya tumboni na kufika katika utumbo mwembamba. Hawautoboi ukuta wa utumbo wala hawaingii katika damu. Hushikamana na ukuta huo na kutoa sumu inayozilazimisha seli zake kumwaga chumvi ndani ya utumbo, na chumvi ikienda maji huifuata. Mgonjwa aliyezidiwa huweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Choo chake hakifanani tena na choo: kinakuwa kama maji yaliyooshewa mchele. Macho hudidimia, ngozi ikifinywa haijirudi upesi, sauti hufifia. Asipotibiwa anaweza kufa saa chache tu baada ya dalili kuanza. Kwa hivyo kinachomuua mtu ni ukame ulio ndani ya mwili wake.

Ila si wote wanaougua hivyo. Wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, au huharisha kidogo tu, lakini bakteria hutoka katika choo chao kwa siku kadhaa na kurudi katika mazingira. Ndiyo maana kumtafuta mtu mchafu wa kulaumiwa hakusaidii.

Nalirudia tangazo. Neno lililonikera zaidi ni uchafu. Katika masomo ya fasihi na isimujamii tunafundishwa kuisifu tasfida, nayo inastahili sifa mahali pake. Katika suala hili imetudhuru. Uchafu ni vumbi, tope, majani makavu uani, shati lisilofuliwa. Kipindupindu hakitokani na hayo. Kinatokana na kinyesi cha binadamu kilichoingia katika kinywa cha binadamu mwingine kwa njia ya maji au chakula. Aliyeandika tangazo aliona haya kulitaja neno kinyesi, nayo haya hiyo ikamnyima msomaji taarifa pekee aliyoihitaji. Isitoshe, ugonjwa ukiitwa wa wachafu, jamaa za mgonjwa humficha, na saa chache alizo nazo hupita.

Hapa Kenya, wimbi la sasa la kipindupindu, lililoanzia Indonesia mwaka wa 1961, lilifika mwaka wa 1971. Kati ya 1997 na 1999, wakati wa mvua kubwa za El Niño na baada yake, wagonjwa zaidi ya 33,000 waliripotiwa nchini. Uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya katika kipindi hicho ulibainisha kwamba walioambukizwa aghalabu walikuwa wamekunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito, wamekula pamoja na mtu anayeharisha, au wamehudhuria karamu za matanga. Hili la matanga linahitaji busara. Maiti huoshwa na watu walewale ambao huenda baadaye wakapakua chakula, na hakuna anayethubutu kumwambia mfiwa kwamba mikono yake si salama. Mijini hali ni nyingine. Katika mitaa mingi ya mabanda, mabomba ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya maji taka. Maji yanapokatwa, nguvu ndani ya bomba hushuka na kilicho mtaroni hufyonzwa kupitia nyufa. Yanaporudi, mchuuzi huuza mtungi wa maji ambayo yalitoka salama katika mtambo wa kusafishia. Kumwambia mkazi wa hapo adumishe usafi ni kumdhihaki. Anachoweza kufanya yeye mwenyewe ni kuchemsha maji hadi yatokote, makaa yakipatikana, au kuyatia dawa ya klorini, na kuyaweka katika chombo chenye mdomo mwembamba ili mkono usiingie.

Limebaki suala la tiba, nalo tangazo halikuligusa. Kwa muda mrefu madaktari na wenyeji kadhalika waliamini kwamba anayeharisha asinyweshwe, kwani kila anachokunywa kinatoka. Ukweli ni kinyume. Sumu ya kipindupindu huacha wazi mlango mmoja katika utumbo, ule ambao sukari na chumvi huupitia zikiwa pamoja, zikiyavuta maji nyuma yao. Mwaka wa 1971, katika kambi ya wakimbizi kutoka Bangladesh huko Bongaon, India, chupa za maji ya mishipani ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza jamaa za wagonjwa wawanyweshe mchanganyiko wa sukari, chumvi na maji, na vifo vikashuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Penye pakiti za dawa ya kurudisha maji mwilini hutumiwa hizo. Zisipokuwepo, hutiwa vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji salama. Mgonjwa akitapika, husubiriwa kama dakika kumi kisha huendelea kunyweshwa kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, hata akiwa njiani kupelekwa hospitalini.