Mikono Mingi kwa Mtoto Mmoja

Leo nataka tumfuate mtoto mgonjwa. Si mtoto fulani ninayemjua. Ni mtoto yeyote wa bonde la Kilombero, wakati wazazi wamehamia shambani na kukaa dunguni kulinda mpunga. Usiku ashikwa na homa. Alfajiri akakamaa, macho yakapinduka. Bibi yake asema ni degedege, na wazee wengi waliamini kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa. Kumbe mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani, na kila saa ipitayo ni hasara. Basi apelekwa kwanza kwa mganga wa kienyeji.

Je, ni mikono mingapi itakayomgusa mtoto huyu? Mama na bibi, mganga wa kienyeji, mhudumu wa afya wa kijiji, muuguzi wa zahanati, mpimaji wa damu, tabibu, mtoa dawa. Na Bwana Afya naye, aliyepaswa kufika mapema zaidi kwa habari ya mbu. Kila mmoja aweza kuwa hodari katika kazi yake, na mtoto akafa vilevile. Maana hatari imo pia katikati ya mkono na mkono, pale mtoto anapopokezwa. Mpimaji ameona vijidudu, lakini jibu limelala mezani. Muuguzi ameona mtoto azidi kulegea, akaona haya kumwamsha tabibu.

Haya hiyo naijua. Mwanafunzi wangu mmoja aliandikiwa dawa, mahali nisipopataja, na mtoa dawa hakuweza kuusoma mwandiko. Chumba cha tabibu kilikuwa hatua kumi tu, lakini kijana yule alikisia. Nilipomwuliza sababu, alinijibu kwamba mdogo hamsahihishi mkubwa. Hakuwa mvivu, ndivyo alivyolelewa kazini. Nasi walimu twajua kwamba mtu aliyefundishwa peke yake miaka mitatu hageuzwi kuwa mwenzi wa wengine kwa semina ya siku moja.

Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulisema kwamba huduma ya afya ya msingi hutegemea waganga, wauguzi, wakunga, wasaidizi na watumishi wa vijijini, na waganga wa jadi panapohitajika, wote wakiwa wamefunzwa kufanya kazi kama kundi moja. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilieleza zaidi: watu wa kazi mbalimbali wajifunze pamoja, kila mmoja ajifunze habari za mwenziwe, tena ajifunze kutoka kwake. Kukaa darasa moja hakutoshi. Abiria wa basi nao hukaa pamoja. Wapewe mgonjwa mmoja. Muuguzi mwanafunzi aeleze aliyoyaona usiku, mpimaji aonyeshe kilichomo katika darubini, tabibu asikilize kabla ya kuamua, na mtoa dawa awe na ruhusa ya kusema, "Kipimo hiki kimezidi kwa mtoto wa kilo 10."

Ifakara pafaa sana kwa mafunzo ya namna hii. Ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara aliyoianzisha Bwana Rudolf Geigy wa Basel mwaka 1957. Na tangu 2010 kipo chuo kikuu kishiriki kinachofundisha udaktari.

Tena bonde hili limekwisha kuonja matunda ya kushirikiana. Mwaka 1997 ulianza mpango wa vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wauguzi wa kliniki waliwapa akina mama hati ya kupunguziwa bei, wenye maduka waliipokea na kuuza, viongozi wa vijiji walihimiza, watafiti walihesabu. Hesabu yao ilionyesha kwamba, kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4, kutumia vyandarua hivyo kuliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Daktari peke yake, hata awe bingwa namna gani, asingeweza kukifikisha chandarua dunguni.

Turudi kwa mtoto wetu. Amefika zahanati mgongoni mwa bibi, kiunoni amefungwa hirizi. Muuguzi aliyefunzwa pamoja na wenziwe hamgombezi bibi. Amwita tabibu mara moja, na huku akimshika mtoto auliza kwa upole, "Shikamoo bibi. Njiani mmempa dawa gani?" Jibu lake laandikwa juu kabisa ya cheti, ili mpimaji, tabibu na mtoa dawa walisome.