Fahamu: Wahamasishaji wa afya ya jamii Kenya ni akina nani?

Ni wakazi wa kawaida waliopewa mafunzo ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, kila mmoja akihudumia takriban kaya 100. Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000, ikawapa mikoba ya vifaa na simu za kunakili taarifa.

Wanafanya nini?

Hupima presha, sukari na uzani, huwakumbusha wajawazito kuhudhuria kliniki, na wagonjwa huwapa rufaa. Si madaktari.

Kifaa cha bei nafuu mkobani pengine ndicho chenye faida kubwa zaidi: mkanda wa rangi unaozungushwa mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59. Kijani, hali ni nzuri. Manjano, sentimita 11.5 hadi 12.5, ni onyo. Nyekundu, chini ya 11.5, ni utapiamlo mkali: apelekwe kituo cha afya mara moja, hata kama bado anacheza.

Je, wanalipwa?

Posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu na kaunti zikichangia nusu kwa nusu. Si nyingi kwa miguu inayotembea hivyo, na ikichelewa malalamiko hayakosi.