Kumlea mwanagenzi wodini si kumkaripia

Wahenga walinena kuwa mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huhubiriwa sana shuleni, lakini ni nadra kuisikia wodini, mahali ambapo malezi mabaya yaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Mimi ni muuguzi hapa Kakamega. Mji wetu una Chuo Kikuu cha Masinde Muliro na vilevile tawi la Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, KMTC, na wanafunzi wa uuguzi hawana budi kujifunza kando ya kitanda cha mgonjwa. Nilipoombwa kuwa mlezi wao wodini, nilisita. Si kazi niliyoiogopa, bali nilikumbuka jinsi nilivyolelewa mimi mwenyewe.

Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliuliza swali mbele ya mgonjwa nikakaripiwa hadi machozi yakanilengalenga. Tangu siku hiyo sikuuliza tena. Nisichokijua nilikibuni. Niliandika mapigo ya moyo ambayo sikuyahesabu, na hapana aliyegundua.

Basi katika juma langu la kwanza la ulezi, nyanya mmoja alimleta mjukuu wake wa miezi minane, ana homa na kikohozi. Mwanafunzi wangu akatamka, "Ni malaria, Sista." Dhana hiyo haikuwa ya ajabu, kwani huku magharibi malaria ni mwenyeji wetu. Lakini kwenye karatasi alikuwa ameandika kwamba mtoto alipumua mara 30 kwa dakika. Nilikitazama kile kifua kidogo, nikatambua kuwa tarakimu ile ilibuniwa, sawa na zangu za zamani.

Ulimi uliniwasha. Hata hivyo niliuzuia, nikavua saa yangu nikamkabidhi. "Tuhesabu pamoja, dakika nzima." Tulipata 58. Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 mwenye kikohozi, akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, hushukiwa kuwa na nimonia. Damu ilipimwa malaria, lakini matibabu ya nimonia hayakungoja.

Baadaye, tukiwa faraghani, nilimwuliza kwa nini hakuhesabu. Akainama. "Sista, sina saa. Niliogopa kusema."

Naam, msomaji mpenzi, mtoto yule nusura aponzwe na woga. Mwanafunzi anayekaripiwa haachi kukosea, huacha kukiri. Na kosa lililofichwa halina wa kulisahihisha.

Mwaka 1984 mtaalamu wa uuguzi Patricia Benner alieleza kwamba muuguzi hupitia hatua tano, kutoka uanagenzi hadi ubingwa. Bingwa hung'amua kwa kutupa jicho tu, lakini mwanagenzi haoni kilichomo katika jicho hilo. Kwa hiyo kazi ya mlezi ni kuyasema mawazo yake kwa sauti: nimeona nini, nimeshuku nini, kwa nini. Marekani ilianza mwaka 1965 kuwafunza wauguzi kupima na kutibu wenyewe. Kwetu, muuguzi wa zahanati ya mashambani aghalabu hufanya hivyo bila daktari karibu. Mwanafunzi wa leo ndiye atakayekuwa peke yake kesho.

Wenzangu hulalamika kwamba wodi zimefurika na ulezi hauna malipo. Wana haki, na yafaa waajiri watenge muda rasmi wa kazi hii. Hata hivyo, kukaripia nako kunakula muda. Dakika tuliyotumia kuhesabu haikuzidi ile ambayo ningeitumia kufoka.

Walimu wa vyuo, msituachie wanafunzi langoni mkaenda zenu. Ingieni wodini mjue wanakosa nini, ijapokuwa ni saa ya mkononi. Nanyi wanafunzi, neno "sijui" si aibu. Semeni mapema.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nakiri kwamba kabla ya kuja wanagenzi hawa, mimi nami nilikuwa nikihesabu pumzi kwa robo dakika na kuzidisha kwa nne. Siku hizi nahesabu dakika nzima, maana kando yangu yupo anayetazama ili aige.