Ufa Katika Kishikizo cha Injini

Gari linapoondoka kwa kishindo, na mti wa gia ukaruka mkononi mwa dereva kila aachiapo klachi, wengi husema kwamba gari limezeeka tu. Redio huongezwa sauti, watoto hukaa kimya kiti cha nyuma, na safari huendelea. Kumbe mara nyingi kishindo hicho hutoka katika kitu kimoja kidogo, nacho ni kishikizo cha injini, ambacho mafundi wengi hukiita mauntini.

Injini haikufungwa moja kwa moja juu ya chesisi. Hukalia vishikizo vichache, na kila kimoja kina mkono wa chuma pamoja na mto wa mpira. Mkono hubeba uzito, mpira humeza mtikisiko. Mpira ukiisha kuliwa na oili, au bolti ikalegea, mtikisiko wote huhamia katika chuma, nacho huchoka kidogo kidogo mpaka kikapasuka, hasa penye kona au kando ya tundu la bolti. Barabara za murram zenye makorongo huuharakisha uharibifu huo. Basi anayeunga chuma na kuuacha mpira uliokufa mahali pake ameutibu ufa na kuubakiza ugonjwa.

Anayeudhania kuwa jambo dogo na akumbuke yaliyotukia Marekani. Mwaka 1971 kampuni ya General Motors iliyarudisha kwa matengenezo magari yapata milioni 6.7, mengi yao ya Chevrolet, kwa sababu ya vishikizo hivyo. Mpira ulikuwa ukibanduka kutoka kwenye chuma. Dereva alipotia mafuta, injini iliinuka upande mmoja na kuvuta mtambo wa mafuta, na gari likaweza kukimbia bila ya kuamriwa. Dawa iliyotolewa ilikuwa kamba ya waya wa chuma, ya kuizuia injini isiinuke.

Kupima si kazi ngumu. Boneti hufunguliwa, breki ya mkono huvutwa, na dereva, huku mguu wake ukikanyaga breki, huachia klachi kidogo sana. Mtazamaji husimama ubavuni, kamwe si mbele ya gari. Injini ikiruka upande mmoja, kishikizo cha upande huo kimekatika au kimeachana na mpira wake. Ufa mwembamba usioonekana kwa macho hufichuliwa kwa mafuta ya taa: chuma hupakwa mafuta hayo, hufutwa kikakauka, kisha hunyunyiziwa unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupenya na kuchora mstari juu ya chaki.

Hapo ndipo penye swali ambalo fundi mwenye haraka hulipita: chuma hiki ni cha namna gani? Kikiwa ni bamba la chuma lililokunjwa, kazi ni nyepesi. Injini huinuliwa kwa jeki yenye ubao juu yake, ili sampu isibonyee, na kishikizo hutolewa. Mpira huondolewa, kwani moto huuharibu. Ikiwa umegandishwa na chuma chenyewe, ni afadhali kununua kipya. Tundu dogo hutobolewa kila mwisho wa ufa ili usiendelee kukimbia, ufa huchimbwa kwa grainda uwe mfereji, na kutu na oili husafishwa mpaka chuma king'are. Kisha huungwa pande zote mbili kwa vijiti vikavu, na bamba la kuongeza nguvu likawekwa panapopata nafasi. Mstari mmoja wa juu juu hupendeza kuutazama, lakini haubebi injini.

Chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kina tabia nyingine. Cheche zake kwenye grainda ni fupi na nyekundu, ilhali za bamba ni ndefu na nyeupe. Hiki hupashwa moto kwanza, huungwa kwa vijiti vya nikeli, vipande vya sentimita mbili au tatu kwa wakati mmoja, na kila kipande hugongwa taratibu kwa nyundo kingali moto. Baadaye hufukiwa ndani ya majivu makavu kipoe polepole. Fundi akikimwagia maji ili mwenye gari aondoke mapema, husikika mlio mwembamba kama wa sahani, na ufa mpya huwa umezaliwa kando ya ule wa kwanza.

Kishikizo kisichonaswa na sumaku huenda ni cha alumini, jamaa ya sufuria za jikoni. Hata fundi hodari wa Katwe, mjini Kampala, ambako kufua chuma ni desturi ya siku nyingi, hawezi kukiunga ipasavyo bila ya mashine ya gesi ya argoni. Heri kutafuta kingine kizima.

Wapo wanaounga kishikizo kingali garini. Hilo si la kusifiwa, kwa kuwa mpira na bomba la petroli viko karibu; na kama hapana budi, betri hufunguliwa kwanza, na waya wa kurudisha umeme hubanwa karibu sana na mahali panapoungwa. Na iwe garini au chini ya mti uani, watoto wafukuzwe. Mwanga ule huwavutia, na usiku macho huwawasha kama yaliyotiwa mchanga. Wengine huyatia maziwa. Njia iliyo bora ni kwenda zahanati.

Kishikizo kikisharudishwa na mpira mpya, bolti zote hukazwa, hata zile za upande usiopasuka. Baada ya juma moja la safari, mafuta ya taa na chaki hutumika tena mahali pale pale.