Askari Aliyestaafu na Masomo ya Shahada ya Pili

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya askari wa King's African Rifles walirudi makwao, na miongoni mwao walikuwamo watu wa nchi ya Abagusii. Wengi walikuwa wamejifunza kusoma na kuandika wakiwa jeshini. Baadhi ya askari wa Kenya walipelekwa Shule ya Jeanes, Kabete, wakafundishwa kazi za raia. Na shule ile ndiyo iliyogeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha utawala. Askari wa leo ana haja nyingine. Hutoka katika Majeshi ya Ulinzi ya Kenya akiwa bado na nguvu zake, na pengine ana shahada ya kwanza aliyoipata kwa kusoma usiku na wakati wa likizo. Naye huuliza: Je, chuo kikuu kitanipokea kwa shahada ya pili, yaani uzamili, na nianzie wapi?

Swali hili lina uzito wa pekee katika Kisii na Nyamira. Mashamba huko ni madogo, nayo yamegawanywa kwa wana na wajukuu hata mtu hubaki na kipande cha migomba na mistari michache ya chai. Fedha za mkupuo apewazo mstaafu huja mara moja tu. Basi yafaa ajue mambo yalivyo kabla hajatoa hata shilingi moja.

Chuo kilicho karibu ni Chuo Kikuu cha Kisii, kando ya barabara iendayo Kilgoris, mwendo wa kilomita 2 hivi kutoka mjini. Kilianza mwaka 1965 kuwa chuo cha walimu wa shule za msingi, kikawa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapewa hati yake chenyewe. Mtu wa Keroka au Nyansiongo aweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, na hiyo ni akiba kubwa ya kodi ya nyumba. Kwa wale wapendao mambo ya ulinzi, kipo pia Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati mwaka 2021.

Jambo la kwanza ambalo askari wengi hawalijui ni hili: cheo hakihesabiwi. Sajini na meja husimama mstari mmoja mbele ya chuo. Kinachotazamwa ni shahada ya kwanza na daraja lake. Kwa kawaida vyuo hutaka daraja la pili la juu. Mwenye daraja la pili la chini huweza kupokewa akionyesha kwamba amefanya kazi inayohusiana na somo lake kwa miaka kadhaa, mara nyingi miwili. Hapo ndipo utumishi wa jeshi unapomfaa mtu, walakini lazima uhusiane kweli na somo. Aliyekuwa katika kikosi cha matibabu na anataka kusoma afya ya jamii ana hoja yenye nguvu. Aliyelinda lango miaka kumi na anataka kusoma hesabu za biashara hana hoja hiyo, hata kama alilinda vizuri sana. Tena, vyeti vya ufundi vilivyotolewa jeshini, ingawa ni vya thamani, havishiki mahali pa shahada. Aliyesoma nchi za nje hana budi kwanza kupata hati ya serikali inayothibitisha kwamba shahada yake ni sawa na ya Kenya.

Pamoja na vyeti, mwombaji huandika maelezo ya nia yake na kutaja watu wa kumshuhudia. Askari amezoea kuandika taarifa fupi zilizonyooka, na hilo ni jema kuliko maneno ya mapambo. Ila taarifa husema yaliyotokea, na chuo kinataka kujua swali analotaka kulichunguza. Mathalan, yule wa matibabu aandike ni ugonjwa gani autazamao, katika zahanati za kaunti ipi, na kwa nini. Mmoja wa mashahidi awe mwalimu aliyemfundisha. Barua ya mkuu wa kikosi peke yake hueleza nidhamu, haielezi uwezo wa kusoma.

Kuhusu fedha, Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukopesha pia wanafunzi wa shahada ya pili, na maelezo hupatikana katika vituo vya Huduma. Huo ni mkopo, hurudishwa pamoja na riba. Karo ilipwe kwa chuo chenyewe. Wapo madalali wanaowafuata wastaafu na kuwaahidi nafasi kwa malipo ya mkononi. Hao hawana nafasi ya kutoa. Pia iulizwe kama somo lenyewe limekubaliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.

Akisha kupokewa, mwanafunzi husoma madarasani, kisha hufanya utafiti na kuandika tasnifu. Utafiti huhitaji kibali cha tume ya taifa ya sayansi. Askari aangalie jambo moja zaidi: aliyoyajua kazini, ramani, hesabu za vikosi, safari za Somalia tangu 2011, si mali yake ya kuandika apendavyo. Sheria ya siri za serikali humfuata hata nyumbani, kwa hiyo aombe ruhusa mapema au achague habari zilizo wazi kwa watu wote.

Siku ya kujiandikisha huonyeshwa vyeti vya asili, si nakala. Miaka mingi ya kuhamahama kambini imepoteza karatasi nyingi. Aliyepoteza cheti cha kidato cha nne apige ripoti polisi, kisha aombe kingine kwa Baraza la Mitihani la Kenya, na afanye hivyo miezi kadhaa kabla ya kupeleka maombi yake.