Uvimbe wa Maji Kwenye Kongosho: MRI Fupi Yaweza Kutosha

Mkaazi anatumwa kupigwa picha ya CT kwa sababu ya mawe ya figo. Majibu yanarudi: figo zina mawe kweli, lakini kwenye kongosho pia kumeonekana uvimbe mdogo wenye maji. Huko hakuwa akihisi lolote. Usiku huo halali, maana wengi wetu neno kongosho tumelisikia likiandamana na saratani.

Uvimbe wa aina hii huonekana mara nyingi kwa bahati tu, hasa kwa wazee, na mwingi hauna madhara. Kuna aina chache, hasa zenye ute, ambazo zinaweza kugeuka kuwa saratani baada ya miaka. Upasuaji wa kongosho nao ni mkubwa na una hatari zake. Kwa hivyo daktari huchagua kuuchunguza uvimbe kila baada ya miezi 6, mwaka 1 au miaka 2, kulingana na ukubwa wake. MRI hupendelewa kwa sababu haitumii miale ya eksirei na huonyesha vizuri mirija ya kongosho.

Shida ni kwamba MRI kamili huchukua dakika 30 hadi 45 ndani ya mashine yenye kelele, na katikati unadungwa dawa ya kung'arisha picha. Rudia hayo kwa miaka 10 uone gharama yake. Si ajabu wengine huacha kurudi, na hapo ndipo hatari ilipo.

MRI fupi huchukua dakika 10 hadi 15 hivi, bila sindano. Hupigwa picha chache tu, hasa zile zinazofanya maji yaonekane meupe. Anayefuatilia uvimbe ana maswali machache: umekua? Mrija mkuu wa kongosho umepanuka? Kuna kinyama kigumu ndani yake? Watafiti waliolinganisha vipimo hivi viwili kwa wagonjwa walewale waliona kuwa uamuzi wa daktari kwa kawaida haubadiliki.

Lakini uvimbe ukionyesha mabadiliko, MRI kamili yenye dawa itahitajika, au altrasaundi inayopitishwa mdomoni hadi tumboni.

Muulize daktari wako kama kipimo kifupi kinakufaa, na uulize hospitali mapema SHA italipia kiasi gani. Beba picha za awali, si ripoti peke yake: bila picha ya jana, ya leo haina cha kulinganishwa nayo. Mwambie mhudumu kama una kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini.

Macho yakigeuka manjano, ukikonda bila sababu, ukipata maumivu makali ya tumbo la juu au kisukari cha ghafla, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.